Dagaa wa Kigoma, mteja wa Mbeya: tovuti yako mwenyewe inafanya kazi gani?

Anayeuza dagaa wa Kigoma kwa simu anayajua maswali ya wateja hata ukimwamsha usingizini. Wana mchanga? Kilo bei gani? Mbeya unatuma kwa basi gani, na nauli ya mzigo nani analipa? Mwezi huu wapo, au ziwa limefungwa?

"Shikamoo mama. Hao dagaa mmewaanika mchangani au kwenye chanja?"

"Marahaba mwanangu. Chanja tupu. Punje ya mchanga hutaiona."

"Haya, nitumie picha na bei ya jumla."

Picha inatumwa, bei inaandikwa, mteja anasema atakutafuta. Kesho yake mwingine anaanza upya na swali la mchanga. Na majibu hayo yote mama alishayaweka Instagram miezi miwili iliyopita, kwa maelezo marefu na picha za chanja zenyewe. Yako huko chini, yamefunikwa na picha nyingine themanini, na hakuna mteja atakayeteremka mpaka huko kuyatafuta.

Posti ya mtandao wa kijamii ni kama mzigo wa mwaloni alfajiri pale Katonga au Kibirizi. Mitumbwi imetoka usiku kucha na taa zake, inatia nanga, na aliyekuwepo ananunua. Anayefika saa nne hakuti kitu. Si kwamba posti ni mbaya. Biashara nyingi za Kigoma zimekua kwa posti na kwa stetasi za WhatsApp, na zitaendelea hivyo. Shida inaanza pale ambapo kila kitu cha biashara, bei, namba ya malipo, ushuhuda wa wateja, picha za miaka mitano, kinakaa mahali ambapo kazi yake ni kuonyesha kipya na kuzika cha jana.

Tovuti inafanya kazi ya upande wa pili: inaweka jibu mahali pamoja, na jibu linabaki hapo hapo. Hilo ndilo la kwanza, na kwa mfanyabiashara mdogo pengine ndilo linalolipa haraka kuliko yote. Ukurasa mmoja wenye maswali kumi yanayoulizwa kila siku, na kiungo chake kimewekwa kwenye wasifu wa Instagram na kwenye jibu la moja kwa moja la WhatsApp Business, unapunguza sana mazungumzo yasiyozaa. Lakini lipo la pili ambalo watu wengi hawaelezwi vizuri, nalo linahusu umiliki.

Vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina moja

Mtu akikuambia "nitakutengenezea tovuti kwa laki tatu", anakuuzia vitu vitatu tofauti ndani ya mfuko mmoja, na ni vizuri kuufungua huo mfuko kabla hujatoa hela.

Cha kwanza ni jina, lile linaloandikwa juu ya kivinjari na kuishia na .co.tz au .com. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, huliita kikoa. Mafundi wengi wanasema domeini. Majina yanayoishia na .tz yanasimamiwa na rejista ya nchi, ila hununui kwao moja kwa moja. Unapitia kampuni zilizoidhinishwa kuyauza, yaani wasajili. Ziko aina kadhaa: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa asasi, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali tu, .hotel.tz kwa nyumba za wageni na hoteli, na .me.tz kwa mtu binafsi, ambayo inamfaa msanii, mpiga picha au mwandishi asiye na kampuni. Jina hupewa aliyewahi. Hununui moja kwa moja maisha yote. Unalilipia kwa mwaka, na bei ya .co.tz kwa kawaida ni makumi ya maelfu ya shilingi, haifiki malaki.

Cha pili ni seva: kompyuta inayowaka saa zote mahali fulani, pengine Dar es Salaam, pengine Ujerumani au Marekani, ambamo kurasa zako zimehifadhiwa. Hii nayo unaikodi kwa mwezi au kwa mwaka.

Cha tatu ni kurasa zenyewe, yaani maneno, picha na mpangilio. Hapa ndipo programu kama WordPress inapoingia. Ilianza 2003, ni ya bure, na inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, kwa hiyo fundi anayeijua humkosi hata Kigoma mjini.

Kinachounganisha jina na seva ni mfumo unaoitwa DNS, uliobuniwa 1983. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. DNS ni daftari kubwa la dunia linalosema: jina hili, namba yake ni hii. Mteja wa Mbeya anapoandika jina lako, simu yake inauliza daftari, inapewa namba, inakwenda kwenye seva. Yote hayo ndani ya sekunde.

Sasa tazama faida iliyojificha humo. Seva ikikuchosha kwa bei au kwa kuzimika, unahamisha kurasa zako kwenye seva ya kampuni nyingine, unabadilisha namba kwenye daftari, basi. Fundi akikuudhi, unachukua mwingine. Hata msajili anabadilishwa. Mteja haoni tofauti yoyote, maana jina aliloandika kwenye simu, kwenye kadi au kwenye lebo ya pakiti ya dagaa ni lile lile. Jina linabaki, kilicho nyuma yake kinabadilika upendavyo. Kwenye mtandao wa kijamii vitu hivi vitatu vimefungwa pamoja na mwenye mtandao: jina, hifadhi na kurasa. Huwezi kuhama na wafuasi wako elfu ishirini kwenda kwa mshindani wake. Ukitoka, unatoka mikono mitupu.

Uliza limesajiliwa kwa nani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Ilivyo kawaida, mwenye biashara anamkabidhi kijana anayejua kompyuta: mtoto wa dada, jirani mwenye steshenari, fundi aliyeletwa na rafiki. Kijana anafungua akaunti kwa msajili kwa barua pepe yake, anaweka jina lake na namba yake ya simu, analipia, anaunda tovuti, inapendeza. Wote wanafurahi. Mwaka unaofuata kijana amepata kazi Dodoma. Ujumbe wa "jina lako linakaribia kuisha muda" unakwenda kwenye barua pepe yake ambayo hata haifungui tena. Siku inafika, tovuti inazimika, na mama mwenye dagaa ndiye wa mwisho kujua. Akienda kwa msajili kudai, anaulizwa: wewe ni nani kwenye kumbukumbu zetu? Hayumo.

Kijana hakuiba kitu. Hakuna aliyemwambia afanye vinginevyo, basi. Ndiyo maana nasema hili ni la kusemwa siku ya kwanza, kabla ya rangi na picha: jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara au la kampuni yake iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe na namba ya simu anayoitumia kila siku. Nenosiri la msajili likae kwake. Fundi apewe nafasi ya kuingia kwenye kurasa, si kwenye umiliki. Na kama tayari una tovuti na hujui imeandikwa kwa nani, angalia leo. Ipo huduma inayoitwa WHOIS inayoonyesha jina limesajiliwa lini na linaisha lini. Msajili wako naye atakuambia nani anatambulika kama mmiliki. Ukikuta ni fundi, mnaweza kulihamisha kwa amani wakati bado mnasalimiana.

Tovuti za bure nazo zina mtego wa namna hii. Unapewa jina refu ambalo katikati yake kuna jina la kampuni inayokuhifadhi. Kwa kujifunzia si mbaya. Ila ukichapisha jina hilo kwenye mabango na mifuko, umeitangaza kampuni ya watu. Machi 2024 Google ilizifunga tovuti zote za bure zilizokuwa zimetengenezwa kupitia huduma yake ya wasifu wa biashara, na waliokuwa wameandika anwani hizo kwenye kadi zao walibaki na kadi za kutupa. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe mbele ya tovuti hiyo alihamisha tu.

Sheria za nyumba ya mwenzio

Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Haikuwa adui. Wahandisi wa kampuni yenyewe walikuwa wanafanya matengenezo, amri moja ikakata njia za mtandao wao, na daftari la DNS la kampuni hiyo likawa halifikiki. Mwenye duka aliyekuwa na kila kitu kwenye programu hizo tatu hakuwa na pa kumwambia mteja "tupo". Mei 2025 mtandao wa X nao ulizuiwa hapa nchini, na waliokuwa wamejenga jina huko wakaanza kuhangaika na VPN, zile programu za kupita kizuizi.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia: intaneti yenyewe ikizimwa nchi nzima, kama ilivyotokea wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, tovuti yako haimsaidii mteja wa ndani hata kidogo. Mteja wa nje ataendelea kuiona ikiwa seva iko nje ya nchi. Ni faida ndogo, ila kwa anayepokea wageni kutoka Ulaya si ndogo sana.

Kuzimika ni tukio la siku moja. Kinachouma polepole ni sheria kubadilika. YouTube zamani ilikuwa inamruhusu mwenye chaneli kugawana mapato ya matangazo akiwa na jumla ya mara 10,000 za kutazamwa. Mwanzoni mwa 2018 ikapandisha: waliojisajili wawe 1,000, na video ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Kwa mwanamuziki mkubwa hiyo ni namba ya kucheka. Kwa kijana wa Ujiji aliyekuwa anaingiza vijihela kidogo kidogo, ilikuwa mlango umefungwa usoni. Sisemi YouTube walikosea. Mtandao ni wao na hesabu ni zao. Nasema tu kwamba hakuna aliyemuuliza kijana wa Ujiji.

Na kuna kupotea kabisa. Mwaka 2019 MySpace, ambao zamani ulikuwa mtandao mkubwa wa wanamuziki, ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa kwa miaka kumi na miwili zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo zipatazo milioni 50. Wapo wasanii ambao nakala pekee ya kazi zao za mwanzo ilikuwa humo.

Kwa msanii, kwa hiyo, tovuti ni ghala na dirisha kwa pamoja. Kuna jambo dogo linalonikera kila mara linapokuja suala la matamasha: mwandaaji anaomba picha ya bango, msanii anamtumia kwa WhatsApp, WhatsApp inaibana ili isile bando, na picha ikichapishwa kwa ukubwa wa mlango inaonekana kama imepigwa kwenye mvua. Ukurasa mmoja wenye picha tatu za ukubwa kamili za kupakua, wasifu mfupi, orodha ya kazi kwa miaka, na namba ya anayesimamia mikataba, unamwondolea mwandaaji usumbufu wote huo. Mpiga picha wa harusi anaweka albamu mbili tatu nzima badala ya picha tisa. Mtunzi wa mashairi anaweka diwani kwa mpangilio anaoutaka yeye, si ule unaoamuliwa na mashine kwa kuangalia nani kabonyeza kopa.

Mteja asiyekujua

Wafuasi wako tayari wanakujua. Biashara inakua kwa yule asiyekujua bado lakini anatafuta unachouza. Huyo hafungui Instagram na kuandika jina lako, kwa sababu halijui. Anaandika Google "dagaa wa Kigoma bei ya jumla" au "mawese halisi ya Kigoma Dar es Salaam", na anasoma majibu ya juu.

Kigoma ni mwisho wa reli tangu 1914, na biashara yake nyingi ni ya kuwauzia watu wasiofika Kigoma. Dagaa, migebuka mikavu, mawese, chumvi ya Uvinza, asali ya huku na ya majirani zetu wa Tabora: vyote vinasafiri mbali kabla ya kukutana na mlaji. Mlaji wa mbali hana pa kuja kushika na kunusa. Anachoshika ni maelezo. Kwa hiyo mwenye maelezo mazuri, yaliyoandikwa kwa maneno ambayo mteja mwenyewe anayatumia anapotafuta, ana nafasi ya kumpita hata mfanyabiashara mkubwa asiye na maelezo.

Google haisomi akili. Inasoma maandishi ya ukurasa, kichwa chake, na tovuti nyingine zinazouelekeza. Ukurasa ulioandikwa "Karibu kwetu kwa bidhaa bora" hauna kitu cha kushikwa. Ukurasa unaosema dagaa hawa wamevuliwa Ziwa Tanganyika, wamekaushwa kwenye chanja siku ngapi, wanafungwa kwa kilo moja na kilo tano, wanatumwa Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam kwa basi, una maneno ishirini ambayo watu wanayatafuta kweli.

Mfano mzuri wa kuandika jambo la kweli ni kalenda. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, kwa hiyo kuna siku za kila mwezi ambazo mzigo hupungua na bei hupanda. Tena kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Muuzaji mwenye ukurasa unaosema "kipindi hiki ziwa limefungwa, tunauza akiba iliyokaushwa kabla, kiasi kilichobaki ni hiki" anajibu swali ambalo wenzake wanalikwepa. Mteja wa jumla anapanga manunuzi yake kwa ukurasa huo. Na Google nayo inagundua kwamba kuna mahali ambapo swali hilo linajibiwa.

Kwa watalii hesabu ni nyingine. Anayekuja Gombe kuona sokwe, pale ambapo Jane Goodall alishuka Julai 1960, hapangi safari akiwa amesimama Kibirizi. Anapanga miezi kabla, akiwa Berlin au Toronto, na anatafuta kwa Kiingereza: boti, bei, muda wa safari, malazi Kigoma. Mwenye boti na mwenye nyumba ya wageni wasio na ukurasa wanaachia mazungumzo hayo yote mikononi mwa wakala. Mitandao ya kuuza vyumba kwa kawaida hukata karibu asilimia 15. Chumba cha shilingi 80,000, unapokea 68,000. Si wizi, wamekuletea mgeni ambaye usingempata. Lakini mgeni huyo huyo akirudi mwaka ujao, au akimwambia rafiki yake, ni vizuri awe na anwani ya kukufikia moja kwa moja.

Na usisahau ng'ambo ya ziwa. Wanunuzi wa Uvira na Kalemie wanasoma Kiswahili vizuri kabisa. Ukurasa wako wa Kiswahili tayari ni wao. Kwa Bujumbura na kwa ofisi za Kongo ukurasa mmoja wa Kifaransa si gharama kubwa, na Kigoma watu wa kukusaidia kuuandika wapo. Kwenye posti moja ya Instagram lugha tatu ni vurugu. Kwenye tovuti ni vitufe vitatu juu ya ukurasa.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Hakuna Mtanzania asiyewahi kupata ujumbe huo. Matapeli wamehamia pia kwenye biashara za mtandaoni: wanachukua picha zako zote, wanafungua akaunti yenye jina lako wakiongeza nukta au kistari cha chini, wanaanza kupokea hela za wateja wako. Mteja aliyelizwa halaumu tapeli asiyemjua, anakulaumu wewe.

Jina la .co.tz haliwezi kusajiliwa mara mbili. Tapeli anaweza kusajili linalofanana, hilo nakubali, lakini atalazimika kulilipia na kuacha kumbukumbu kwa msajili, na wengi hawapendi kuacha kumbukumbu. Faida kubwa ni kwamba mteja mwenye shaka anapata mahali pa kuhakiki. Andika kwenye ukurasa wa malipo: Lipa Namba yetu ni hii, na kabla hujaweka PIN simu yako itaonyesha jina hili, likitokea jina jingine, usilipe, tupigie. Mistari miwili tu. Huhitaji mfumo wa kadi za benki wala mkokoteni wa manunuzi kama wa maduka ya Marekani. Wateja wengi watalipa kwa simu hata hivyo, na agizo watalituma WhatsApp kwa kubonyeza kitufe kwenye ukurasa.

Barua pepe inayoishia na jina la biashara yako inaingia hapa hapa. Hoteli inayotaka kuletewa samaki kila wiki, au mradi unaotaka nukuu ya bei, huwa na imani zaidi na anwani hiyo kuliko ya Gmail yenye namba tano nyuma.

Usalama wa tovuti yenyewe haukugharimu. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome huandika "si salama" kwenye tovuti isiyo na cheti cha HTTPS, kile kinachoficha mawasiliano ya mteja na tovuti yasisomwe njiani, na vyeti hivyo hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt. Kampuni nyingi za seva huvifunga zenyewe. Fundi anayekutoza laki kwa cheti cha kawaida, muulize maswali.

Uzito wa kurasa ni jambo ambalo mafundi wetu wanalidharau. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa ina megabaiti tatu hadi tano. Weka kumi, umemtaka mteja atumie bando la megabaiti arobaini kuangalia dagaa. Ukizipunguza kwanza ziwe kilobaiti mia na hamsini kila moja, kumi zote ni megabaiti moja na nusu, na kwa macho hakuna tofauti. Kataa video inayoanza kucheza yenyewe. Kataa picha zinazozunguka zunguka juu. Kisha chukua simu ya bei ndogo, uende Mwandiga au popote ambapo mtandao unasuasua, ufungue tovuti yako hapo kabla hujamlipa fundi salio.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwatisha wengi kwa sababu ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka. Zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na leseni sasa inawalenga zaidi wanaochapisha habari na matukio. Ukurasa wa kuonyesha bidhaa na bei si chombo cha habari. Ukitaka kuanza kuchapisha habari za mji, waulize TCRA kwanza. Na kama unakusanya majina na namba za wateja kwenye fomu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: kusanya unachohitaji tu, na usimgawie mtu mwingine.

Nani aache kwanza

Muuza ndizi wa Kibirizi anayewauzia wanaopanda boti hana haja ya tovuti. Mama ntilie ambaye wateja wake wote wanatoka ofisi mbili za jirani hana haja nayo pia. Stetasi ya "leo kuna migebuka na ugali wa muhogo" inamtosha. Kipimo changu ni kimoja: je, wapo watu wanaokuhitaji ambao hawawezi kufika ulipo kukuuliza? Wakiwepo, tovuti itafanya kazi. Wasipokuwepo, hela hiyo nunua turubai.

Na asiye na muda wa kuigusa hata mara moja kwa mwezi afikirie mara mbili. Tovuti yenye bei ya mwaka juzi na namba ya simu isiyopatikana inafukuza watu kuliko kutokuwa na tovuti. Kwa anayeanza, kurasa tatu zinatosha: unachouza na bei zake, jinsi ya kuagiza na kulipa, na wewe ni nani na uko wapi. Mengine yataongezwa na maswali ya wateja wenyewe.

Kama hata hizo tatu huna uwezo nazo sasa, sajili jina peke yake. Hulazimiki kuwa na seva ili uwe na jina. Wasajili wengi watakuwezesha kulielekeza kwenye ukurasa wako wa Instagram au WhatsApp kwa sasa. Liandike kwenye lebo, kwenye risiti, kwenye kanga ya mwisho wa mwaka. Siku ukipata hela ya kurasa, unabadilisha linakoelekea, na lebo zilizokwisha kuchapishwa zinaendelea kufanya kazi. Ila weka tarehe ya kulilipia tena kwenye kalenda ya simu, mwezi mzima kabla, maana jina zuri lililoachwa kuisha muda huwa lina mtu anayelingoja.